Kijidudu cha Malaria Mikononi mwa Mwanadamu

Tangu habari za kubadili maumbile ya viumbe zilipoanza kuenea mashuleni na redioni, Wakristo wengi wamekuwa na swali moja moyoni, nao huliuliza kwa namna mbalimbali: Je, mwanadamu ana ruhusa gani ya kutia mkono wake katika kazi ya Muumba na kuigeuza? Swali hilo ni jema. Halitoki katika ujinga, kama wapendavyo kusema baadhi ya waliosoma, bali latoka katika uchaji. Lakini hata swali jema laweza kuulizwa mahali pasipo pake, na hapo huwapotosha wale wenye kuliuliza. Leo twataka kulitazama katika jambo moja dogo, dogo hata halionekani kwa macho: vile vijidudu vya chembe moja viletavyo malaria, malale na kala-azari, na njia waliyoipata wataalamu ya kuvibadili kwa vipande vya DNA vyenye tabia ya kuhama.

Kwanza yatupasa kulieleza jambo lenyewe, maana si haki kulihukumu lisilojulikana.

Kila kiumbe chenye uhai hubeba ndani ya chembe zake maandishi marefu sana yaitwayo DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, na sehemu ya maandishi hayo iliyo na amri kamili huitwa jeni. Kijidudu cha malaria kiuacho watu wengi kuliko vingine vyote barani Afrika, Plasmodium falciparum, kina herufi zipatazo milioni 23 na jeni zaidi ya 5,000. Maandishi yake yalisomwa yote na kutangazwa mwaka 2002. Sasa, katika miaka ya 1940 bibi mmoja wa Marekani, Barbara McClintock, akichunguza rangi za punje za mahindi, aligundua kwamba vipande vingine vya maandishi hayo havitulii mahali pamoja. Hung'oka hapa vikajipachika pale, na popote vijipachikapo vyaweza kuivunja amri iliyokuwapo. Wenzake wengi hawakumwelewa. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa mzee wa miaka 81, wala hatusikii kwamba muda wote huo aliacha kuyatazama mahindi yake.

Vipande vya namna hiyo vimo katika viumbe wengi mno. Katika kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, yuko nzi mdogo wa matunda aitwaye Drosophila mauritiana, na kwake yeye kilipatikana, katika miaka ya 1980, kipande kilichopewa jina la mariner, yaani baharia. Jina hilo lakifaa, kwa maana jamaa za kipande hicho zimekutwa katika wadudu na wanyama wasio na undugu wa karibu, kana kwamba vimevuka maji kutoka ukoo hata ukoo bila kupelekwa na mtu. Mwaka 1997 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Frederico Gueiros-Filho na Stephen Beverley, walitangaza kwamba wamemfanya baharia huyo ahamie ndani ya Leishmania. Kijidudu hicho huenezwa na usubi. Aina zake nyingine huleta vidonda vya ngozi, na nyingine huleta kala-azari iwatesayo ndugu zetu wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana nchini Kenya. Baadaye kipande hicho hicho kikatumika katika kijidudu cha malale. Na mwaka 2005 kipande kingine, kiitwacho piggyBac, kilichotoka kwa nondo ambaye mabuu yake hula kabichi, kilitiwa katika Plasmodium falciparum chenyewe, ambacho kwa asili hakina kipande cha kuhama hata kimoja.

Faida yake ni nini? Na tutumie mfano wa nyumba ya miti. Fikiri kwamba umepewa nyumba elfu nyingi zilizojengwa sawasawa, kila moja ina nguzo, fito na vijiti visivyohesabika, na fundi aliyezijenga hayupo akuambie kipi kina kazi gani. Katika kila nyumba ung'oe mti mmoja tu, bila kuchagua, kisha ukalale. Asubuhi uzunguke ukatazame. Nyumba zilizosimama zimekwambia kwamba mti ulioondolewa haukuwa wa lazima. Na ule mti usioukuta umeng'olewa katika nyumba hata moja iliyosimama, huo ndio ubebao paa. Hivyo ndivyo walivyofanya wataalamu wa Chuo Kikuu cha South Florida pamoja na wenzao wa Uingereza. Mwaka 2018 walitangaza kwamba wamepata aina zaidi ya 38,000 za kijidudu cha malaria, kila moja ikiwa imevunjwa mahali pengine, na kwa njia hiyo wakazitambua jeni 2,680 ambazo bila hizo kijidudu hakiwezi kustawi vema katika damu. Atafutaye dawa mpya sasa ajua aelekeze wapi mshale wake. Tena mwaka 2021 walizitumia aina hizo kuuliza ni kwa nini kijidudu hakifi kwa joto la homa ambayo chenyewe kimeileta, wakakuta kwamba njia zake za kustahimili homa zina uhusiano na njia zake za kustahimili artemisinini. Jambo hilo si la mbali. Usugu wa namna fulani kwa dawa hiyo umekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea, na kwetu Tanzania, mkoani Kagera.

Twasema haya ili ieleweke kwamba kazi hii si mchezo wa watu wasio na shughuli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu 597,000 walikufa kwa malaria, karibu wote katika Afrika, na kati ya hao wa Afrika robo tatu walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Msomaji wetu aliyepata kulala sakafuni katika wodi ya watoto wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi turudi kwenye swali. Je, ni dhambi kukigeuza kiumbe cha Mungu hivi?

Wako wanaoshtuka hata kusikia kwamba kijidudu cha malaria ni kiumbe cha Mungu. Lakini hatuna budi kukiri hivyo, maana tusipokiri tutaangukia uzushi wa kale wa Wamanikayo, waliosema kwamba viumbe vyenye madhara vilifanywa na mwingine, mungu mbaya. Mtakatifu Agostino aliwajibu kwa mfano wa mtu asiyejua ufundi aingiaye katika karakana. Aona vyombo vingi asivyovielewa, na kwa upumbavu wake ajikata kwa kimoja, kisha alalamika kwamba chombo kile hakina maana, ilhali fundi ajua kila kimoja kimewekwa kwa kazi gani. Jibu hilo ni la kweli. Lakini sisi twadhani halitoshi kumpa mama aliyemzika mtoto wake jana, wala Agostino hakuliandika kwa ajili ya mama huyo. Mfano wa fundi wamfunga mdomo mwenye kumkufuru Muumba. Haumwamuru mtu aliyekatwa aendelee kutokwa damu. Injili ya Luka yatueleza kwamba Bwana wetu alipoingia nyumbani kwa Simoni na kumkuta mama mkwe wake ana homa, aliikemea homa ile. Hakuihubiria subira.

Yafuata kwamba kupigana na kijidudu cha malaria ni halali, na hilo halina ubishi kwa Mkristo yeyote anywaye dawa. Kijidudu si jirani yetu. Hakina roho yenye akili, wala hakina mishipa ya kuhisi maumivu hata tuseme kwamba tunakitesa. Sasa, ikiwa ni halali kukiua chote kwa dawa, itakuwaje haramu kukivunja jeni moja ili tukijue? Aliyeruhusiwa kuangusha mti hakatazwi kuukata tawi.

Hapo mtu mwenye busara atatujibu: Kuua ni jambo moja, na kufanya kiumbe ambacho hakijapata kuwako ni jambo lingine. Aliyeua hakuacha kitu nyuma yake. Aliyegeuza ameacha kitu kipya duniani. Twakubali kwamba hoja hiyo ina uzito, nasi hatutaki kuipita haraka.

Wengine huijibu kwa urahisi mno. Husema: Maumbile yenyewe hufanya hivyo kila siku. Baharia wa Morisi alihamahama kabla hajazaliwa mtaalamu hata mmoja. Na katika miili yetu sisi wenyewe, kama ilivyodhihirika maandishi ya DNA ya mwanadamu yaliposomwa mwaka 2001, karibu nusu ya maandishi hayo ni mabaki ya vipande vya kuhama, na jamaa za mariner wamo. Habari hizo ni za kweli, nazo zafaa kumwondolea mtu hofu kwamba mipaka ya viumbe ni ukuta ambao Mungu aliujenga akapiga marufuku usiguswe. Lakini kama hoja ya maadili hazifai kitu. Mafuriko hubomoa nyumba bila kutenda dhambi. Mtu aibomoaye nyumba ya mwenzake atashtakiwa. Maumbile hayana dhamiri, na kwa hiyo mfano wao si ruhusa kwetu. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikiri kwamba mabadiliko ya jeni hutokea pia kwa maumbile yenyewe, lakini papo hapo akakumbusha kwamba maumbile huenda polepole, na ufundi wa siku hizi hukimbia. Kilichofanyika kwa vizazi elfu na elfu hufanyika sasa kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Tufanye nini basi? Turudie mafundisho ya zamani ya Kanisa, aliyoyafafanua Mtakatifu Toma wa Akwino na ambayo kila mkatekista huyajua: kwamba ili kulihukumu tendo yatupasa kutazama tendo lenyewe ni nini, latendwa kwa nia gani, na katika hali gani. Tendo lenyewe, yaani kuhamisha kipande cha maandishi kutoka kiumbe kisicho na akili hata kingine kisicho na akili, si ovu. Mwenyezi Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, akamletea wanyama ili awape majina. Na kupa jina, katika Maandiko, ni kujua. Abate Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Agostino, aliyezivukisha njegere katika bustani ya monasteri yake pale Brno na kuchapa matokeo yake mwaka 1866, alikuwa akifanya kazi ya Adamu, wala hatujasikia kwamba wakuu wake walimkataza kwa ajili ya imani. Nia, ikiwa ni kuponya, ni njema. Ikiwa ni kutengeneza silaha, ni ovu kabisa, na hapo hatuna haja ya maneno mengi.

Hali ndiyo yenye mambo, na hapo twataka wasomaji watuvumilie kidogo, kwa kuwa ubaya au wema wa kazi hizi aghalabu umejificha katika vitu vidogo vya karakana.

Kipande kikisha kutiwa katika mamilioni ya vijidudu, ni vichache tu vinavyokipokea. Mtaalamu atavijuaje? Hufunga pamoja na kipande hicho jeni ya kustahimili sumu fulani, kisha huwatilia wote sumu hiyo. Wasiokipokea hufa, waliokipokea hubaki. Waona sasa mahali pa hatari: mtaalamu amefanya kijidudu kilicho sugu kwa makusudi. Kama sumu hiyo ingekuwa dawa ile ile tuipatayo zahanati, angekuwa amemfulia adui ngao. Kwa hiyo katika kazi ya piggyBac na malaria wametumia sumu iitwayo WR99210, ambayo haitumiwi kuwatibu wagonjwa. Huo ni uangalifu mdogo usioandikwa magazetini, lakini sisi twaona kwamba ndipo maadili ya kazi hii yalipo hasa, kuliko katika hotuba nyingi. Kadhalika kimeng'enya kinachofanya kazi ya kung'oa na kupachika hawakitii ndani ya kipande chenyewe. Hukileta kando, katika kipande kingine cha DNA kisichodumu, kikapotea baada ya muda. Kipande kilichokwisha kupachikwa hakina tena wa kukihamisha. Baharia amefikishwa bandarini, na merikebu imeondoka.

Lakini liko neno lingine ambalo twajua litawashtua watu, nasi twalisema waziwazi ili lisije likasemwa kwa minong'ono. Ile jeni ya kustahimili sumu ya WR99210 ni jeni ya binadamu. Kijidudu cha malaria kilichobadilishwa kwa njia hiyo chabeba ndani yake amri moja iliyonakiliwa kutoka kwetu. Je, kimepata sehemu ya ubinadamu? La, hasha. Imani yatufundisha kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Haimo katika jeni moja, wala katika jeni elfu, wala haigawanywi kwa vipimo. Neno "maji" likinakiliwa kutoka katika Biblia na kuandikwa juu ya debe, debe halikuwa Maandiko Matakatifu. Jeni hii ni amri ya kutengeneza kimeng'enya kimoja ambacho viumbe wengi wanacho kwa namna zao. Yetu imechaguliwa kwa sababu sumu ile haiidhuru sana, basi. Anayeona haya kwamba kitu chetu kimo katika kijidudu, na akumbuke kwamba kijidudu chenyewe huishi katika damu yetu na kula humo. Hata katika maabara hulishwa kwa damu iliyotolewa na watu.

Kwa hiyo twasema bila kusita: kumbadili mdudu huyu, kwa uangalifu tuliousema, si dhambi. Wanaoelekeza hofu yao hapo wameielekeza pasipostahili, na hasara yake ni kwamba hawabaki na hofu ya kutosha kwa ajili ya mahali panapostahili. Mahali hapo ni mtu.

Turudie mfano wa nyumba. Njia yote ya kuvunja bila kuchagua ina maana kwa sababu nyumba ni nyingi na hakuna akaaye ndani. Zile zianguakazo ndizo zenye kufundisha. Mtu yeye ni nyumba moja tu, na ndani yake yuko mwenyeji. Piga picha kwamba chombo hicho hicho kimetumiwa kwake. Hatusemi jambo la kubuni: mwaka 2021 madaktari wa Australia walitangaza habari za wagonjwa 10 wa saratani ya damu waliotibiwa kwa chembe nyeupe zilizobadilishwa kwa piggyBac. Wagonjwa wawili kati yao walipatwa na saratani nyingine, iliyozaliwa na zile chembe zenyewe zilizotiwa mwilini ziwaponye. Madaktari hao hawakuwa wauaji. Walikuwa wakipigania watu waliokwisha kukata tamaa, na waliyaeleza yaliyotokea bila kuficha, jambo linalostahili heshima. Lakini tofauti yaonekana wazi kama mchana. Katika kijidudu, kipande kikijipachika pabaya, twapata elimu. Katika mtu, twapata msiba.

Na mtu huingia katika kazi hii kwa milango mingi, si huo mmoja tu. Kijidudu kilichotumiwa katika kazi ile ya mwaka 2018 ni cha ukoo uitwao NF54. Ukoo huo haukutoka Afrika kwa mkono wa mtaalamu. Ulitoka katika damu ya mgonjwa mmoja aliyekaa karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, ambaye hakuwa amepata kutoka katika nchi yake. Yaelekea mbu wa Afrika alisafiri kwa ndege akamwuma huko. Tangu hapo vizazi vya kijidudu hicho vimelelewa katika maabara za dunia nzima. Na mwaka 2012 vilirudi: pale Bagamoyo vijana wa Kitanzania wenye afya, waliojitolea, walidungwa vijidudu hai vya NF54, visivyobadilishwa, ili ijulikane kama njia hiyo yafaa kupimia chanjo, kisha wakatibiwa. Bagamoyo ni mahali wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868, na wengi wao wakafa vijana kwa homa za pwani. Makaburi yao yako huko hata leo. Hao nao walijitoa kwa hiari, ingawa hakuna aliyewapa karatasi ya kutia sahihi.

Huko Uholanzi wamekwisha kwenda mbele zaidi. Mwaka 2024 wataalamu wa Leiden na Nijmegen walitangaza kwamba wameumisha watu waliojitolea kwa mbu wenye kijidudu kilichoondolewa jeni moja, hata kisiweze kumaliza safari yake katika ini. Jeni hiyo iliondolewa kwa ukataji wa kulenga, si kwa kipande cha kuhama. Watu 8 kati ya 9 waliopata aina iliyo bora walikingika walipoletewa malaria ya kweli. Hesabu ni ndogo, lakini tumaini si dogo. Na ni dhahiri kwamba chanjo ya namna hiyo, ikiendelea, haitapimwa Uholanzi siku zote. Italetwa palipo na malaria. Italetwa kwetu, kwa watoto wetu, na kijidudu kilichogeuzwa kitatiwa katika damu ya Watanzania wasiojua kusoma neno "jeni".

Ndiyo sababu yafaa tukumbuke aliyoyasema Baba Mtakatifu Pio wa XII mnamo Septemba 1952, mbele ya madaktari waliokusanyika kwa ajili ya magonjwa ya mfumo wa neva. Aliisifu elimu ya utabibu, akakubali kwamba maendeleo yake ni mema. Lakini aliwaonya kwamba elimu si wema ulio juu ya kila kitu. Kwamba mgonjwa si bwana kamili wa mwili wake mwenyewe, bali amepewa autumie, na kwa hiyo hawezi kumpa daktari ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Na kwamba jamii haiwezi kumtumia mtu kama mwili utumiavyo mkono au mguu. Mkono hauna maisha yake mbali na mwili. Mtu anayo yake mbele ya Mungu, na hakuumbwa kwa ajili ya taifa. Maneno hayo yalisemwa miaka michache baada ya vita, dunia ilipokuwa imesikia mahakamani ni nini madaktari waliwatenda wafungwa. Hatuoni kwamba yamechakaa.

Wako watakaotuambia: Watoto zaidi ya 400,000 hufa kila mwaka, ninyi mwaongea habari za sahihi na ruhusa? Twajibu kwamba wingi wa vifo waongeza wajibu wa kufanya kazi hii haraka na vizuri. Hauongezi haki ya kumtumia mtoto hata mmoja. Yule mtoto wa kwanza atakayedungwa chanjo mpya si sehemu ya hesabu ya 400,000. Ana jina alilobatizwa. Wazazi wake waweza kumtoa kwa ajili ya wenzake ikiwa hatari ni ndogo na faida yaweza kumfikia yeye mwenyewe, na tendo hilo litakuwa la upendo. Lakini wenye kutoa wawe ni wao, kwa kuelewa. Wasije wakatolewa na wengine, kwa kutojua, ama kwa sababu ya chakula na nauli walivyoahidiwa.

Tena haitoshi kwamba mtu asidhuriwe. Aliyetoa damu, aliyetoa mkono udungwe, aliyemleta mtoto, ana haki ya kuipata dawa itakayotokea. Ni aibu kubwa ikiwa kijidudu kilichosomwa kwa sababu ya wagonjwa wa Afrika kitazaa dawa ambayo zahanati ya Afrika haiwezi kuinunua. Na serikali zetu nazo zisikae zikingojea wataalamu wa Tampa na Leiden watumalizie kazi, huku vyandarua vimetoboka, na mitaro ya miji imejaa maji, na mhudumu wa zahanati ameishiwa dawa tangu mwezi uliopita. Mtoto aliyeumwa na mbu usiku huu hatafaidiwa na chanjo ya mwaka 2035.

Twawashauri hivi wazazi wa Kikatoliki watakaofikiwa na watafiti, maana wengine watafikiwa. Msiwafukuze kwa kuwa wametaja jeni au kwa kuwa wamesema kijidudu kimebadilishwa. Neno hilo peke yake lisiwatishe. Waketisheni, mwapatie maji, mwaulize. Kijidudu hiki kimegeuzwa nini, na kinaweza kujirudi kuwa kama zamani? Kimepewa usugu kwa dawa gani, nayo ni dawa tunayoitumia hapa? Mtoto akiugua usiku, ni nani atakayekuja, na kwa gari gani? Chanjo ikifaulu, sisi wa kijiji hiki tutaipata kwa bei gani? Je, nikikataa leo, au nikijitoa kesho, mtoto wangu ataendelea kutibiwa katika zahanati hii kama wengine? Mtafiti mwema atafurahi kuulizwa hayo, na atayajibu kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani ikiwa bibi aliyemlea mtoto hajui Kiswahili vizuri. Akisema kwamba majibu yameandikwa katika karatasi na karatasi ni ya Kiingereza, mwambieni aache karatasi yake mezani, arudi wiki ijayo pamoja na mtu wa kuisoma.